Marudio au Masafa? Istilahi na Maelezo ya Upitishaji wa Umeme katika Udongo

Makala haya yanafafanua jinsi uwezo wa maada kupitisha umeme unavyobadilika kulingana na marudio ya mkondo geu, na kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi moja unaweza kulitia ukungu jambo zima. Mfano wetu ni udongo wa mlimani, kama ule wa Rwezamenyo jijini Kigali.

Katika mkondo mnyoofu, chaji husafiri upande mmoja tu. Udongoni hubebwa hasa na ayoni zilizomo katika maji yaliyo kati ya chembe. Ili zivuke, sharti maji hayo yaungane tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kama mtu ashukaye mlima: kichochoro kikizibwa, safari imekwama. Katika mkondo geu, chaji huenda na kurudi. Kadiri marudio yanavyoongezeka, ndivyo kila mwendo unavyofupika. Hata ayoni zilizofungiwa katika vijishimo hushiriki, mithili ya jirani aendaye mlango wa pili na kurejea. Hivyo upitishaji huongezeka.

Mwaka 1977 Andrew Jonscher alieleza mwelekeo huu unaofanana katika maada nyingi zenye mpangilio usio kamili. Kwa ufupi:

σ(f) = σ₀ + Afⁿ

Hapa σ ni upitishaji, σ₀ ni ule wa mkondo mnyoofu, na f ni marudio. A na n hupatikana kwa vipimo; aghalabu n huwa kati ya 0 na 1.

Umeme wa gridi ya Rwanda hurudia mara 50 kwa sekunde. Radi hubeba marudio yanayofikia mamilioni. Udongo uliopimwa kwa marudio madogo pekee hauonyeshi kikamilifu utakavyoipokea radi. Jambo hili si la darasani tu: tarehe 10 Machi 2018 radi iliua watu wasiopungua 15 kanisani, wilayani Nyaruguru.

Dhana hiyo huitwa pia "masafa", hususani redioni. Lakini masafa katika lugha ya kila siku ni umbali, na upitishaji wa udongo hubadilika pia kulingana na kina. Fundi akisoma kwamba "upitishaji hubadilika kwa masafa", huenda akachukua utepe wa kupimia urefu. Kwa kuwa Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, miongozo ya kinga ya radi yaweza kuandikwa kwa lugha hii. Katika miongozo hiyo, tunapendekeza "marudio".