Habari za Chuo Zisilale Masijala

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet anajua vyema kwamba jani lililochumwa asubuhi halifai kulala kituoni. Likicheleweshwa guniani hupata joto, hugeuka jekundu, na jasho la mchumaji likawa hasara. Mbona basi katika vyuo vyetu vikuu habari inayomhusu mfanyakazi yaweza kulala masijala juma zima, wala asitokee mtu wa kusema kwamba kuna kitu kinachoharibika?

Sinyoshei kidole chuo hiki wala kile. Hata hivyo, eneo hili lina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Kabianga ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi tangu mwaka 2009, ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Bomet nayo ilianzishiwa chuo kishiriki mwaka 2017, chini ya Moi hiyo hiyo, ambayo makao yake makuu yako mbali huko Kesses. Chuo kinapobadilika hadhi, mfanyakazi yeyote hujiuliza: mwajiri wangu sasa ni nani? Miaka niliyotumikia itahesabiwa? Na pensheni je? Asipojibiwa atajijibu mwenyewe, au atajibiwa na jirani yake garini. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na uvumi wa chuoni hauhitaji sahihi ya mkubwa yeyote ili uaminike.

Aghalabu waraka hutoka kwa Naibu wa Chansela, ukapita kwa wakuu wa vitivo, ukafika kwa wakuu wa idara, ukaishia hapo. Mhadhiri ana vikao vya idara na wawakilishi katika seneti. Mpishi, dereva, mlinzi na mfagiaji wana ubao wa matangazo tu, tena ulio mbali na njia zao. Tuseme ratiba ya mitihani imebadilishwa Ijumaa jioni. Wahadhiri wamejulishwa, wanafunzi wamejulishwa, ila mtunza funguo za ukumbi amesahauliwa. Jumatatu saa mbili wanafunzi mia tatu wamesimama nje, nayo mvua ya Kericho haina simile. Yamkini atakayekaripiwa siku hiyo ni yule yule ambaye hakuambiwa lolote.

Kisha kuna suala la lugha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo mlinzi huletewa waraka wa kurasa nne kwa Kiingereza cha mahakamani, akatia sahihi kwamba ameusoma na kuuelewa! Hii ni aibu, hasa katika chuo chenye wahadhiri wa Kiswahili ambao wangeutafsiri kabla ya chai ya saa nne.

Wapo watakaosema kwamba WhatsApp imelimaliza tatizo hili. Imeleta kasi, sikatai. Lakini ujumbe uliotumwa usiku, bila tarehe ya kuanza kutekelezwa wala nambari ya faili, ukafuatwa na mizaha ishirini, si uamuzi wa chuo; na asiye na pesa za bando hauoni kabisa. Zaidi ya hayo, makundi mengi yamefungwa hivi kwamba wakubwa pekee ndio huandika. Hapo pana matangazo, mawasiliano hayapo. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliodumu siku 49, ulihusu malimbikizo ya mishahara, na waraka mzuri peke yake haungeuzuia. Ila katika majuma kama hayo ndipo mfanyakazi huhitaji kuambiwa na chuo chake kinachojulikana na kisichojulikana bado.

Pendekezo langu si la gharama. Kila waraka uwe na jina la atakayeusoma kwa sauti mbele ya wasio na ofisi, na siku ambayo maswali yao yatajibiwa kwa maandishi. Uanze kusomwa jikoni, ambako wapishi huwasha moto kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa.