Mtoto akianguka mnazini, usikimbilie kumnyanyua

Jumamosi na Jumapili, shule zikiwa zimefungwa, watoto wa pwani huwa na mchezo wao. Huitana wanne au watano, huingia shambani, na mmoja hukwea mnazi kuangua madafu huku wenzake wakimshangilia kutoka chini. Kama unaishi Ndagoni au kijiji kingine cha Mafia, ambako mnazi ni kitoweo, kuni, paa na fedha ya nyumba, huhitaji kusimuliwa. Huenda hata wewe ulijifunza kukwea hivyo hivyo.

Leo tuzungumzie siku ambayo mtoto hashuki kwa miguu yake.

Kishindo chake ni kikubwa

Mnazi mrefu hupita mita 20. Chukua nusu tu ya urefu huo. Anayeanguka kutoka mita 10 hufika chini katika muda usiotimia sekunde mbili, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Ni kama kugongwa na pikipiki iliyo kwenye mwendo, na mchanga wetu hauwezi kuupunguza sana.

Madhara hutegemea sehemu ya mwili iliyotangulia. Aliyejikinga kwa mikono huvunjika kifundo au kiwiko. Aliyetua kwa miguu huweza kuvunjika kisigino, lakini kishindo hupanda mpaka kiunoni na kuponda pingili za mgongo. Kwa hiyo mtoto aliyeanguka akalalamikia kisigino, mgongo wake nao uchunguzwe. Aliyeangukia ubavu anaweza kupasuka bandama au ini, damu ikavujia tumboni, na nje usione hata mchubuko.

Dakika za kwanza

Mazoea yetu ni kumkimbilia, kumkalisha, kumpa maji na kumnyoosha viungo. Yote hayo yaache. Ndani ya uti wa mgongo umepita mshipa mkuu wa fahamu. Pingili ikiwa imevunjika lakini mshipa huo haujakatika, kumkunja au kumwinua kwa makwapa kunaweza kuukata. Hapo mtoto ambaye angetembea tena hupooza.

Mwache alale alivyo, ila kama kuna hatari nyingine mahali hapo. Mwambie asigeuze kichwa, na mtu mmoja akishike kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike. Tazama kama anapumua. Kama anavuja damu, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, lakini kama mfupa umetokeza, ufunike tu na usijaribu kuurudisha ndani. Muulize kama anahisi vidole vya miguu na kama anaweza kuvichezesha. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji.

Wakati wa kumbeba, tafuteni ubao mpana au mlango uliong'olewa. Watu wanne au watano wamgeuze kwa hesabu ya mmoja wao, ubao uingizwe chini yake, kisha afungwe kwa kanga asiteleze. Bodaboda haifai kwa aliyeumia mgongo, hata kama ndiyo iliyo karibu. Ni heri kusubiri gari kuliko kumkalisha katikati ya watu wawili kwenye barabara ya mashimo.

Mkimbizeni hospitali ya wilaya iliyopo Kilindoni. Majeraha makubwa ya mgongo na kichwa huweza kuhitaji rufaa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na kutoka kisiwani huko ni safari ya bahari au ndege. Ndiyo maana saa moja iliyopotea kijijini ina gharama kubwa zaidi Mafia kuliko mahali penye barabara ya lami mpaka hospitali.

Kumkanda na kumfunga vijiti

Usimkande kwa maji ya moto wala kumchua sehemu iliyovimba. Wapo wazee wanaounga mifupa kwa vijiti na vitambaa, na wengi huwaendea kwanza. Hatari kubwa ni kufunga kwa kukaza. Mfupa uliovunjika huvimba, na kifungo kisicholegea huzuia damu. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, fungua mara moja na uende hospitali. Mkono unaweza kuoza ndani ya muda mfupi hata ukahitaji kukatwa. Na kama kuna jeraha, mtoto anahitaji pia kinga ya pepopunda.

Mtoto anayeficha

Mzazi, hapa nakuomba usome mara mbili. Mtoto aliyekatazwa kukwea, akianguka, mara nyingi hasemi. Anaogopa viboko. Wenzake nao huapa kutosema. Anarudi nyumbani, analala mapema, na wewe unadhani ni uchovu au malaria.

Bandama iliyopasuka huweza kuvuja polepole. Damu inayovuja ndani ya kichwa nayo huweza kuchukua saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili. Ukiona mtoto anatapika mara kwa mara, kichwa kinamuuma na kuzidi, anasinzia kuliko kawaida, anaongea ovyo, anapata degedege, au anatokwa na majimaji au damu puani au masikioni, mpeleke hospitali hata usiku. Fanya hivyo pia ukiona anapauka, tumbo linauma au kuwa gumu, bega la kushoto linauma bila sababu, anakojoa damu au hawezi kukojoa.

Waambie watoto wako leo, kabla halijatokea: ukianguka, au mwenzako akianguka, uje uniambie, sitakupiga. Na ahadi hiyo uitimize.

Kabla ya kukwea

Uingereza nako vijana hukwea kwa kujifurahisha mwisho wa wiki. Huenda na marafiki kwenye majabali kama ya Stanage, katika eneo la Peak District. Wengi wao huvaa kofia ngumu na mkanda wa kiunoni uliofungwa kamba, na kabla mtu hajainua mguu hukaguana mafundo. Rafiki aliye chini hushika kamba na kumwangalia mwenzake muda wote, ili akiteleza asifike ardhini.

Shambani hatuna vifaa hivyo, lakini kazi ya rafiki wa chini tunaweza kuwafundisha watoto wetu. Asimtanie mwenzake apande zaidi. Asisimame chini ya nazi zinazoangushwa. Jambo likitokea, mmoja abaki na majeruhi na mwingine amwite mtu mzima.

Mti ukiwa na unyevu wa mvua, vidato vikiwa vimeoza, au nyaya za umeme zikiwa karibu, asikwee mtu. Mwenye kifafa, kizunguzungu au homa asikwee kabisa, na mkwezi mtu mzima asipande akiwa amelewa. Kwa madafu ya kula nyumbani, panda minazi mifupi na uangue kwa mti mrefu wenye ndoano. Minazi mirefu waachie wakwezi wazoefu.