Kipande cha Shingoni na Namba ya Maisha (3)

Waliofuata makala mbili zilizopita watakumbuka kwamba tuliziacha alama za vidole zikiwa Bengal, mikononi mwa maafisa wa Kiingereza waliotambua kuwa jina la mtu hubadilika lakini kidole chake hakibadiliki. Leo nilikusudia tubaki huko huko. Lakini Maisha Namba, ile namba ya serikali ya kumtambulisha mtu, imerudi vinywani mwa watu, na juma lililopita, ndani ya matatu, nilimsikia kijana akimwambia mwenzake kwamba yeye hana cha kuficha, wakitaka wachukue hata kope zake. Niliteremka kituoni nimekasirika. Kijana sikumlaumu, nilitulaumu sisi tulioisoma historia hii tukaifungia makabatini. Basi Bengal ingoje.

Kijana huyo huyo akisimamishwa na polisi usiku ataambiwa, "Toa kipande." Vyeti vya serikali vinasema kitambulisho, lakini mtaani neno ni kipande, na halijafa ingawa sheria iliyolizaa ilifutwa kabla babake hajazaliwa.

Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1915. Vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika katika Kenya aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi ya usajili yenye alama za vidole vyake, aitembeze kila aendako, na akikutwa hanayo atozwe faini au afungwe. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha bati, kikopo kikaning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani njuga ya mbuzi. Sijaona mwanasheria aliyeifafanua sheria ile vizuri zaidi. Mbuzi havishwi njuga apendeze; huvishwa ili mwenye zizi ajue aliko.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea. Husema ubaya wa kipande ulikuwa kumwandika mtu na kumtambua. Hapana. Wazee wetu walitambuana tangu zamani kwa ukoo, kwa rika, kwa chale na kwa lafudhi. Ubaya ulikuwa mle ndani ya karatasi. Bwana alipokuajiri aliandika tarehe, kazi na mshahara. Ulipoondoka alitia saini kwamba amekuachilia. Asipotia, huwezi kuajiriwa kwingine. Ukienda zako, wewe ni mtoro, na utoro kazini ulikuwa kosa la jinai. Nakala ya alama zako imehifadhiwa Nairobi, kwa hiyo hata ukijiita jina jipya upande wa pili wa nchi, kidole kitakusema. Tena bwana mpya anasoma kwamba yule wa kwanza alikulipa kiasi fulani. Kwa nini akuongeze? Shingo ni yako, kikopo umekibeba wewe, lakini kalamu si yako, na wengi waliokivaa hawakuweza hata kuyasoma yaliyoandikwa juu yao.

(Ndugu zangu wa Tanga wasidhani haya ni ya Kenya pekee. Usambara, chini ya Wajerumani, kulikuwa na kadi ya kazi tangu 1907: siku 30 za kumfanyia kazi mlowezi katika kila miezi minne. Na katika mashamba ya mkonge "kipande" kilibaki kuwa kadi ya siku 30 za kazi hata zama za Waingereza. Mkonge nitauandikia siku yake.)

Mwaka 1921 walowezi wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi, huku kodi imepanda na kipande kiko shingoni. Hapo akainuka Harry Thuku, kijana wa kupokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Nampenda Thuku kwa hilo: mtu wa mitambo, aliyekaa penye nyaya za serikali yenyewe. Alipinga kodi, alipinga wanawake kushurutishwa kazi, na alitaka vipande virudishwe kwa waliovitoa. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi. Viongozi walipoanza kuwashawishi watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua rinda lake akawaambia wanaume walivae wao, wampe suruali zao. Risasi zikafuata. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa. Wengine walisema zaidi ya hapo. Muthoni alikuwa miongoni mwao. Sheria ya kipande haikumhusu mwanamke, wala yeye hakuwahi kuvaa mbugi. Alikufa kwa ajili ya shingo za wengine, na mimi simwelewi mtu anayepita Nairobi kila siku bila kulijua jina lake.

Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu. Kipande kiliendelea robo karne nyingine. Mwaka 1947 ilikuja sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, na hapo ndipo tulipoona maajabu. Walowezi walewale waliokisifu kipande walipiga kelele kwamba kuchukua alama za vidole vya Mzungu ni kumfanya mhalifu. Serikali ikalegea: anayejua kuandika akaruhusiwa kutia saini badala ya kidole. Miaka yote ile kidole kilikuwa utaratibu mwema wa utawala, hadi kilipokuwa chao!

Nafasi inakwisha, nami Maisha Namba sijaigusa. Kwa kifupi, basi. Namba ya mtu tangu kuzaliwa hadi kufa siipingi. Huduma Namba iliyoitangulia ilipofikishwa Mahakama Kuu, majaji mwezi Januari 2020 walikataza kukusanya vinasaba vya watu na kubaini kwa setilaiti mtu anakoishi, na wakataka pawe na kanuni madhubuti kwanza. Walikuwa wakiuliza swali la mbugi: nani ameshika kalamu, nani anasoma, na mwenye shingo anaruhusiwa kuona? Wazee walipimana na kikopo cha bati kinachoonekana. Cha sasa hakina uzito, hakilii, na mtu hajui kama amekivaa.

Tena tunajivisha wenyewe. Mwezi uliopita, katika jengo moja mjini, askari wa mlangoni alichukua kitambulisho changu, akaandika namba yake na ya simu yangu katika daftari lililokuwa wazi mezani, kila apitaye akiyasoma majina ya waliotangulia. Jioni yake nikapokea ujumbe wa mkopo nisiouomba. Sisemi umetoka pale. Nasema nyuma yangu palikuwa na watu kumi, na hakuna aliyeuliza daftari likijaa hupelekwa wapi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kujua data yako itatumiwaje, kuiona, na kudai irekebishwe ikiwa na makosa. Ukiombwa kitambulisho mlangoni wiki hii, uliza. Kama utajibiwa chochote cha maana, niandikie kupitia mhariri. Nitakitumia tutakapofika mwaka 1954 na vile vitabu vya pasi vya wakati wa Hali ya Hatari.