Deni la Wasomi kwa Wazee

Zamani mtoto wa shule alifundishwa kwamba historia ya Afrika ilianza siku Mzungu aliposhuka merikebuni. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ilikataa uongo huo. Mwaka 1968 wanafunzi wake walitoka Mlimani, wakaenda vijijini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mzee asiyejua kusoma akawa mwalimu. Msomi akawa mwanafunzi wake. Lakini insha zao waliziandika kwa Kiingereza, na wazee wale sasa wamekwisha fariki. Ndugu wasomi, habari zile mliazima tu. Warudishieni wajukuu wao, kwa Kiswahili. Deni halifi kwa kufa mwenye mali.