Usiku mmoja hoteli ya kifahari: Ya kuangalia kabla ya kuwapeleka watoto

Picha hufika kwenye simu kabla hata rangi haijakauka ukutani. Bwawa la kuogelea juu ya paa, mji wote ukiwa chini. Bafu jeupe lenye umbo la yai, limewekwa katikati ya chumba, hatua mbili kutoka kitandani. Ndani ya wiki moja hoteli mpya ya mjini inakuwa gumzo kwenye makundi ya WhatsApp, na jioni mama anamsogezea mwenzake simu: "Baba watoto, kwa nini tusiende hapa hata siku moja likizo hii?"

Swali si baya. Zamani hotelini watu walikwenda kwa semina, harusi au safari ya kikazi. Siku hizi familia zenye uwezo wa kati nazo hujibana miezi kadhaa ili walale usiku mmoja mahali pazuri, ndani ya mji wao wenyewe, bila nauli ya ndege. Lakini bei ya usiku huo inaweza kulingana na ada ya muhula wa shule. Na ukiirudia ile picha ukaitazama vizuri, utaona kitu: hakuna mtoto ndani yake.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Hoteli ambazo muonekano ndiyo bidhaa yenyewe zina historia yake, na historia hiyo ni ya watu wazima. Mwaka 1984, jijini New York, Ian Schrager na Steve Rubell walifungua hoteli ndogo iliyoitwa Morgans. Wawili hao walikuwa wamejulikana kwa klabu ya usiku ya Studio 54. Kazi ya kupamba ndani walimpa mbunifu Mfaransa, Andrée Putman, ambaye vigae vyake vya mraba vyeusi na vyeupe bafuni vimeigwa hadi leo. Mwaka 1988 wakafungua Royalton, safari hii na Philippe Starck. Lobi ikageuka mahali pa kuonana na kuonekana, siyo pa kusubiria funguo. Taa zikapunguzwa mwanga na muziki ukapanda.

Kwa hiyo mzazi anayeingia leo kwenye hoteli ya aina hiyo na mtoto wa miaka mitatu mkononi, akakuta korido ina giza na meza ya kioo ina kona kali kwenye usawa wa paji la uso wa mtoto, asidhani kuna mtu amekosea. Mchoro ulifanywa kwa ajili ya wawili wasio na watoto.

Afrika nayo ina hoteli zake za namna hiyo, na baadhi ni za kuvutia kwelikweli. Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2017 ilifunguliwa The Silo Hotel, juu ya ghala la nafaka lililojengwa miaka ya 1920. Mbunifu Mwingereza Thomas Heatherwick aliweka madirisha makubwa ya vioo yaliyotuna kama mito ya kulalia. Chini ya vyumba hivyo kuna makumbusho ya sanaa ya Zeitz MOCAA, ambayo ukumbi wake wa kati ulichongwa ndani ya mabomba ya zege yaliyohifadhi nafaka, kwa kufuata umbo la punje moja ya mahindi.

Karibu zaidi na nyumbani, Park Hyatt Zanzibar ilifunguliwa mwaka 2015 huko Shangani, Mji Mkongwe. Sehemu yake moja iko ndani ya Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 linalotazama bahari. Jina lenyewe ni majivuno ya mwenye nyumba: mambo yangu haya, msiyaige. Inasimuliwa kwamba chokaa ya kuta ilichanganywa na mayai ili ishike. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na jengo jipya lililoongezwa pembeni ya lile la kale lilizua mjadala mrefu kuhusu ukubwa wake.

Habari kama hizo ndizo mtoto wa darasa la tano anazoweza kuondoka nazo. Rangi ya mapazia hatazikumbuka. Mzazi aliyewahi kwenda anajua watoto hufurahia nini hotelini: lifti, kadi ya kufungulia mlango, sabuni ndogo, joho la kuogea linaloburuta chini, na kitanda kikubwa cha kurukia. Vyote hivyo vinapatikana pia kwenye hoteli ya nusu ya bei hiyo.

Bado mnataka kwenda? Basi simu ipigwe kabla ya pesa kutoka.

Maswali ya mapokezi

La kwanza ni vitanda. Hoteli hizi hupenda chumba chenye kitanda kimoja kikubwa, kwa sababu ndicho kinachopendeza kwenye picha. Familia ya watu watano inaweza kujikuta inatakiwa kuchukua vyumba viwili, na vyumba hivyo vikawa ghorofa tofauti. Uliza kama kuna vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha, na uombe jibu kwa maandishi. "Tutaangalia mkifika" si jibu.

La pili ni umri. Kila hoteli ina mpaka wake wa mtoto anayelala bure na anayelipiwa, na mpaka wa chumba mara nyingi si ule wa kifungua kinywa. Kijana wa miaka 13 anaweza kulipiwa kama mtu mzima kila kitu.

La tatu ni kama bei mliyotajiwa ndiyo ya mwisho. Hoteli kubwa zinaweza kutaja bei kabla ya kodi na tozo ya huduma. Kwa Kenya, VAT ya asilimia 16 peke yake inageuza Sh20,000 kuwa Sh23,200. Uliza pia kama kuna bei ya wakazi. Hoteli nyingi za Afrika Mashariki zinayo, ila haitajwi mpaka iulizwe, na mara nyingine mtaombwa vitambulisho.

Halafu kuna dipoziti. Juu ya bei ya chumba, hoteli inaweza kuzuia kiasi kingine kwenye kadi yenu au kudai taslimu kama dhamana ya vitakavyotumika. Familia iliyopiga hesabu ya chumba na chakula tu inaweza kukwama hapo, mbele ya watoto, mabegi yakiwa tayari kwenye toroli.

Usisahau kuuliza kuhusu uji. Hoteli nyingi haziruhusu chakula cha kutoka nje, lakini mtoto wa mwaka mmoja hali samaki mbichi aliyepambwa kwa ua. Jikoni wakielezwa mapema, mara nyingi hawakatai kupasha uji au kuponda viazi. Wakikataa kwenye simu, hapo mmeshajua hoteli ile ni ya nani.

Kuna swali jingine ambalo familia nyingi huliacha hadi mlangoni: dada wa kazi. Kama anakuja, atalala wapi na atakula wapi? Hoteli humhesabu kama mgeni mwingine, na ndivyo alivyo. Kumkalisha lobi na mtoto mgongoni huku wengine wakila ghorofani ili kuokoa sahani moja ni aibu, na watoto wanaona. Kama bajeti haimtoshi, heri apewe siku yake ya mapumziko akawaone ndugu zake.

Dakika kumi za kwanza chumbani

Mkiingia, watoto watakimbilia dirishani. Mmoja wenu akae nao, mwingine azunguke.

Aanze na roshani. Kanuni za ujenzi za nchi nyingi zinataka nafasi kati ya nondo za ukingo isizidi sentimita 10, mtoto asipenye. Lakini hatari ya kawaida zaidi ni kiti na meza ndogo vilivyowekwa pale kwa ajili ya kahawa ya asubuhi, kwani mtoto hupanda kiti, kisha meza, kisha ukingo. Viingizwe ndani, mlango ufungwe, na kama komeo lake liko chini, mapokezi waombwe chumba kingine. Hilo ni ombi la kawaida na halihitaji kuombewa radhi.

Afuate bafu. Lile lililo wazi katikati ya chumba halina mlango wa kufunga, hivyo mtoto anayetambaa analifikia muda wowote. Maji yasiachwe ndani hata kidogo. Bomba la moto lifunguliwe na mtu mzima kwanza, kwani maji ya nyuzi joto 60 huunguza ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache, na hujui mtambo wa hoteli umepimwa ngapi. Birika la umeme lipandishwe juu, waya wake usining'inie.

Mwisho ni friji ndogo. Baadhi zina vihisio, yaani kitu kikiinuliwa tu kinaandikwa kwenye bili, hata kikirudishwa. Njia rahisi ni kuwaomba wahudumu waifunge au waitoe vyote vilivyomo kabla watoto hawajagundua chokoleti.

Bwawani

Hapa ndipo pa kusimama kwa muda mrefu, kwa sababu mengine yote ni pesa na michubuko. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kuzama majini miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto duniani. Na kuzama hakufanani na kwenye filamu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Mdomo uko majini, hana pumzi ya kuita. Anashuka kimya, mita chache kutoka kwa watu wanaopiga picha.

Mabwawa ya hoteli za kisasa yana mambo mawili yanayoongeza hatari. Kwanza, yale ambayo ukingo wake hauonekani, maji yakionekana kama yanamwagikia angani au baharini. Kwa mtoto, mahali bwawa linapoishia hapaeleweki, na kwa mzazi aliyekaa upande wa pili, kichwa cha mtoto kinapotea kwenye mng'ao wa jua. Pili, vigae vyeusi au vya bluu iliyokolea. Vinapendeza sana jioni. Lakini mtoto aliye chini ya maji hayo haonekani kirahisi. Mvalishe nguo ya kuogelea ya rangi ya chungwa, njano au waridi inayowaka. Bluu na kijani hupotea majini.

Ulizeni kina kwa mita, siyo "kuna sehemu ya watoto?" Hoteli iliyojengwa kwa ajili ya picha inaweza kuwa na kina kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ulizeni kama kuna mwokoaji, na saa zake za kazi. Anayeleta taulo na juisi si mwokoaji, hata kama amevaa fulana yenye nembo ya bwawa.

Kisha wazazi wagawane zamu, kwa dakika 15 au 20. Aliye zamu hana simu, hana gazeti, hana soga. Anaangalia maji tu. Wakiwa wawili bila zamu, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe umbali wa mkono, maana yake mzazi naye yumo majini. Maboya ya mkononi ya kupuliza ni vitu vya kuchezea. Hutoka, hupasuka, na humpa mzazi utulivu asiostahili kuwa nao.

Jioni ikiingia, ulizeni pia saa ambayo eneo la bwawa linageuka baa. Kwenye baadhi ya hoteli watoto huondolewa wakati huo, na ni vizuri kulijua kabla mtoto hajavaa nguo za kuogelea.

Kuna familia itakayopiga simu hiyo, ikasikia majibu, na kuona haifai. Bado ipo njia. Hoteli kadhaa za mijini huuza tiketi ya siku ya bwawa, au chakula cha mchana cha Jumapili chenye bei maalumu ya watoto. Mnaingia saa tano, mnaogelea, mnakula, watoto wanapanda lifti mara sita, na jioni mnalala kwenu. Hata Mambo Msiige, kwa aliyepo Unguja, kuta zake zinaonekana vizuri kutoka ufukweni, na Forodhani ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Pale jioni kuna urojo na miwa, na vijana wanaruka baharini kutoka ukutani bila kumlipa mtu.

Waliolala, asubuhi ya kuondoka waombe bili nusu saa kabla ya teksi kufika, siyo teksi ikiwa mlangoni. Isomwe mstari kwa mstari pale mapokezi: maji ya chupa, nguo zilizofuliwa, kile kitu cha kwenye friji ambacho hakuna aliyekigusa. Kisichoeleweka kiulizwe kwa upole na kifutwe hapohapo. Dipoziti iliyozuiwa kwenye kadi inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo risiti ihifadhiwe mpaka pesa ionekane kwenye akaunti.