Kompyuta imekufa? Okoa hesabu kwanza

Kompyuta ya dukani ikizima ghafla na kukataa kuwaka, mfanyabiashara wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ana safari ya karibu kilomita 60 hadi Mbarara. Huko huenda akaambiwa ubao mama umekufa, anunue nyingine. Kabla hajakubali, ajue kwamba mara nyingi kilichokufa ni kipande kimoja kidogo kuliko punje ya mchele.

Kilicho ghali si mashine, bali orodha ya wadeni na bei za mzigo zilizomo ndani. Hizo hukaa kwenye diski. Basi chomoa chaja, toa betri, kisha toa diski na uiunganishe na kompyuta nyingine. Isipokuwa kama imefungwa kwa nywila, hesabu zitasomeka.

Sasa pima. Mita ya kawaida ya mafundi wa redio inatosha. Chaja nyingi hutoa volti 19 hadi 20. Ikitoa pungufu sana, tatizo ni chaja. Ikiwa nzima, lakini taa yake inazimika mara tu unapoichomeka kwenye kompyuta, huenda ubao una shoti. Umeme usiotulia wa jenereta au inveta duni huweza kuleta madhara hayo.

Mara nyingi mkosaji ni kapasita ndogo ya kauri kwenye njia ya umeme wa chaja. Fundi huing'oa kwa pasi ya kulehemu au hewa ya moto, kisha hupima tena. Shoti ikiisha, mwizi amepatikana. Spea hutoka kwenye ubao mwingine uliokufa. Kwa kuwa kapasita hizi hazina maandishi, chukua ya mahali palepale kwenye ubao wa aina ileile. Njia ya volti 19 hutaka kapasita ya volti 25 au zaidi. Fyuzi iliyokatika usiiunganishe kwa waya. Shoti inayofuata itaunguza ubao.

Nyumbani, ishia hapo. Karibu na prosesa, mita huonyesha ukinzani mdogo hata ubao ukiwa mzima, na wengi hung'oa vipande visivyo na kosa. Betri iliyovimba usiitoboe, hushika moto. Na kama diski imelehemewa kwenye ubao wenyewe, usiguse kitu: nenda Mbarara.

Ukifika, kabla ya bei, uliza shoti iko njia ipi na kipande gani kitabadilishwa. Omba urudishiwe kile kibovu. Fundi aliyepima atakujibu.

Anayenunua kompyuta kuukuu za kuuza ng'ambo naye aulize hayo mapema. Ukishavuka Kikagati kuingia Tanzania, au Mirama Hills kuingia Rwanda, muuzaji yuko mbali. Na kila jioni, nakili hesabu zako kwenye flashi.