Lesotho: theluji ya kiangazi

Lesotho ni ndogo kuliko Mkoa wetu wa Katavi. Eneo lake ni kilomita za mraba 30,355, wakati Katavi ina zaidi ya 45,000, tena Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Ila ukiipima kwenda juu mambo hubadilika. Pahala pake pa chini kabisa ni mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, juu kuliko mji wa Mpanda, na kilele cha Thabana Ntlenyana kina mita 3,482. Huko kwenye milima ya Maloti watu huvaa vibao miguuni, yaani skii, wakateleza kwenye theluji, na msimu wao huanza Juni, wakati ambao sisi huku tunatafuta makoti ya asubuhi.

Kilimanjaro nayo ina barafu, na mwaka 1912 Walter Furtwängler na mwenzake Siegfried König waliteremka huko kwa skii. Leo barafu hiyo imebaki vipande. Ulaya msimu huanza Novemba au Desemba, na wenye haraka hukimbilia penye barafu ya kudumu kama Hintertux ya Austria, ambako watu huteleza mwaka mzima. Nauli na viza ya huko ni habari nyingine, ndiyo maana naanza na Lesotho.

Shida ya Lesotho tunaijua, maana baridi yao huja na kiangazi kama yetu. Mvua zao nyingi hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Ikifika Juni anga ni jeupe, majani yamekauka, na theluji ya mbinguni husubiri mkupuo wa hewa baridi kutoka bahari ya kusini, ambao hauna miadi na mtu. Inaweza kuanguka usiku mmoja, ikafunga barabara, ikayeyuka baada ya siku chache. Kwa hiyo kituo cha Afriski, kilichopo zaidi ya mita 3,000 karibu na kipito cha Mahlasela, hujitengenezea theluji. Usiku joto likishuka chini ya sifuri, mashine hurusha matone madogo ya maji kwa hewa iliyoshindiliwa, nayo huganda kabla ya kutua. Hapo ukame unageuka kuwa faida, kwani hewa kavu hupoza matone upesi kuliko hewa yenye unyevu. Kukicha unaona utepe mweupe, urefu wake kama kilomita moja, umeshuka katikati ya mlima wa rangi ya kahawia. Siku nyingi theluji yote ni hiyo. Aliyetarajia milima ya kwenye kalenda ataona amepunjwa; mimi naona utepe huo unatosha kabisa kwa mtu anayejifunza kuanguka.

Basi usiwahi mno. Mwanzoni mwa Juni tabaka bado jembamba, na usiku mbili tatu za joto huliharibu. Julai ni salama zaidi. Ndiyo hesabu tunayowapa wageni wa Hifadhi ya Katavi: wa Machi hukuta majani marefu, tope na mbung'o, wa Septemba hukuta viboko wamebanana kwenye madimbwi ya Mto Katuma.

Kutoka Johannesburg hadi Afriski ni mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari, kupitia mpaka wa Caledonspoort na mji wa Butha-Buthe, halafu kona za kipito cha Moteng zinaanza. Barabara hiyo huendelea hadi Letšeng, kwenye mgodi ilikopatikana almasi ya karati 910 Januari 2018. Kandokando utawaona vijana wachunga kondoo wamevaa buti za mpira na blanketi la sufu lililobanwa kwa pini, mistari yake ikiwa wima, kwa kuwa kwa Wasotho mstari wima ni ishara ya kukua. Wanaoteleza wengi ni wageni kutoka Afrika Kusini.

Skii na viatu vyake hukodishwa hapo hapo. Koti usihangaike nalo: kwenye marundo ya mitumba Mpanda yamo mengi yaliyoshonwa kwa kazi hiyo hiyo, na bodaboda wetu wanayavaa kila alfajiri ya Juni. Glavu tu nunua mpya, za mtumba kupata jozi kamili ni bahati.